Njoo Kesho, Uje na Mbwa

Mimi sipendi mafundi. Nasema mapema ili mtu asije akanifikiria vingine huko mbele. Fundi akikuambia njoo kesho, ujue hiyo kesho hata yeye haijui ni lini. Nimewahi kupeleka viatu, vikakaa kwa fundi mpaka nikanunua vingine, na hivyo vingine navyo vikachakaa. Kwa hiyo daktari aliponikabidhi saa ya ukutani ya ofisini na kuniambia niipeleke kwa fundi saa wa mtaa wa nyuma, niliguna, na niliguna ili asikie.

"Daktari, simu si tunazo?"

"Mama, simu ziko mifukoni na mikono yetu ina sabuni kutwa nzima. Yangu imeshatumbukia kwenye ndoo mara mbili. Dawa za mbwa tunazitoa kwa kuangalia ile saa. Ipeleke."

Daktari ni mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, lakini akishasema, limekwisha. Ndiye mkuu wa kituo chetu, tunakotunza mbwa waliotupwa hadi wapate watu wa kuwachukua. Mimi nafagia, naosha vizimba, nachemsha chakula chao, na kwa kuwa nina mwandiko mzuri, kila kinachoandikwa pale kwa mkono nakiandika mimi: fomu za mbwa, vibandiko vya dawa, hadi kibao cha getini. Hiyo habari ya mwandiko nitairudia, ingawa hainipendezi.

"Na Kona mpeleke hukohuko," daktari akaongeza. "Azoee barabara."

Kona alikuwa mbwa jike wa rangi ya vumbi, sikio moja limesimama, jingine limelala. Tulimpa jina hilo kwa sababu siku aliyoletwa alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya kizimba namba nane, akaingiza uso ukutani, na kwa miezi saba hapo ndipo palipokuwa pake. Watu wakija kuchagua mbwa, wenzake walikuwa wakirukaruka na kulamba wavu. Yeye aliwaonyesha mkia, na mkia wenyewe ameubana. Ukimtazama machoni anajikojolea. Kubweka hajui, au alijua akaacha. Yaliyompata kabla ya kufika kwetu hatuyajui, na mimi sitaki kuyajua, maana nina hasira za karibu.

Dawa yake niliigundua siku moja nilipokuwa nimenuna. Niliingia kizimbani bila kusalimu, nikampa mgongo, nikafagia kwa kisirani. Mara nikahisi pua ya baridi kwenye kisigino. Nikageuka, akakimbia. Kesho yake nikampa mgongo makusudi, na pua ikaja tena. Tangu hapo kwa Kona nilikuwa naingia kinyumenyume. Sisi watu ukimpa mwenzako mgongo umemdharau, lakini kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa salamu.

Sasa niseme kosa langu. Fomu ya kila mbwa ina mstari ulioandikwa "Tabia". Nilipofika kwenye mstari huo kwa Kona, kalamu ilisita. Nikiandika mwoga, nani atamchukua? Watu wanataka mbwa wa kulinda au wa kucheza na watoto, hakuna anayekuja kutafuta mbwa wa kujificha. Nikaandika: "Mpole sana na mtulivu." Daktari alimjua Kona vizuri, lakini fomu zangu alikuwa akizigonga muhuri bila kuzisoma, kwa kuniamini.

Wa kwanza kumchukua walikuwa baba na mama wenye mapacha. Walimrudisha siku ya tisa. Alikuwa amekaa chini ya kitanda siku zote hizo, na mapacha wamelia mpaka wamepata homa. Wa pili alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye aliposoma mtulivu alidhani ni wale mbwa wanaonyamaza halafu wanang'ata. Alimrudisha siku ya nne.

"Wezi wakija," alisema, "huyu ndiye atakayewaonyesha pa kujificha."

Kila aliporudi, Kona alikuwa amekonda, na alihitaji wiki tatu za mgongo wangu kabla ya kuja tena kunusa kisigino. Na pale kwetu kuna sheria. Mbwa akirudishwa mara tatu hapewi mtu tena. Anapelekwa kwenye mabanda makubwa nje ya mji, wanakofugwa mbwa wa ulinzi sitini, wanaobweka kuanzia asubuhi mpaka asubuhi. Si ukatili, ni kwamba tuna vizimba vinane tu, na barabarani kuna mbwa wanaosubiri. Kona alikuwa amebakiza nafasi moja, na kwa kuwa alikuwa amekaa kuliko wote, daktari alimpa mpaka Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Asipopata mtu, mabanda. Akipata mtu wa kumrudisha tena, mabanda vilevile.

Mtaniuliza kwa nini nisimchukue mwenyewe. Naishi kwa mdogo wangu, na mwanawe wa mwisho ana pumu. Nikifika nyumbani navulia nguo za kazi uani kabla sijagusa mlango, na hata hivyo shemeji hunikagua.

"Shemeji," ataniambia, "leo hapo begani kuna mkia mzima."

Basi, nikachukua saa kwapani na Kona kwa kamba. Mtaa wa nyuma ni mwendo wa dakika kumi, sisi tulitumia arobaini. Alitembea amejibana ukutani, kila pikipiki ikipita anajilaza chini, na mimi nasimama nimempa mgongo, nakodolea macho ukuta wa mtu, mpaka aamue kuinuka. Wapita njia walinishangaa. Mmoja aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Duka la fundi saa lilikuwa jembamba, upana wa mlango na dirisha. Kuta zote zilijaa saa, na kila moja ilikuwa na saa yake. Nyuma ya kaunta kulikuwa na meza, taa ya kuinamisha, na mtu mkubwa wa makamo aliyeinama juu ya meza hiyo na lenzi imebanwa jichoni. Watu wa mtaa wanasema ni fundi mzuri ila hana adabu, hamtazami mtu usoni. Nikahakikisha siku hiyohiyo.

"Karibu," alisema, na kichwa hakikuinuka. "Weka hapo."

Niliweka saa kwenye kaunta. Wakati naeleza kwamba imesimama kwenye saa kumi tangu wiki iliyopita, nikahisi kamba inavutwa. Kona alikuwa amepita pembeni mwa kaunta na kuingia chini ya meza ya fundi. Niliinama kumwita. Alikuwa amejikunja juu ya kiatu cha yule mtu, kidevu kimeegemea kifundo cha mguu.

"Mbwa wako amenilalia mguu," fundi alisema.

"Samahani, fundi. Nimtoe?"

"Mguu wenyewe haujalalamika."

Akaendelea na kazi. Hakuchungulia chini, hakupiga mluzi, hakusema ooh, mbwa mzuri, kama wasemavyo watu wanaotaka kupendwa na mbwa kwa nguvu. Alifungua saa yetu kwa bisibisi ndogo, akapuliza, akageuza, akapuliza tena. Nilikaa kwenye stuli nikasubiri. Baada ya muda nikasikia sauti nisiyoijua. Kona alikuwa anakoroma. Miezi saba sikuwa nimemwona amelala mbele ya mtu. Alikuwa akifumba jicho moja, na hilo jingine linalinda.

"Hii ina kazi," fundi alisema hatimaye. "Njoo kesho."

Nilimwambia moyoni, nilijua tu wewe utasema hivyo. Nilipofika mlangoni, na Kona ananifuata shingo upande, akaongeza, akiiambia meza:

"Uje na mbwa. Si umesema azoee barabara?"

Sikumbuki kama nilisema, lakini nilivyo na mdomo, huenda nilisema.

Kesho yake springi ilikuwa imechoka. Kesho kutwa meno ya gurudumu yalikuwa yamelika. Siku ya nne kulikuwa na kifaa kinatafutwa. Kila siku njoo kesho, na kila siku uje na mbwa. Mimi nilikuwa nachemka kwa hasira. Ofisini tulikuwa tunatoa dawa kwa kukisia jua, na daktari ananiuliza kama mimi nimeipeleka saa au nimeiuza. Katika hasira hizo niliona mambo na sikuyaona. Niliona kwamba dakika arobaini zimekuwa ishirini, kisha kumi na tano. Niliona kwamba tukikata ile pembe ya mwisho, Kona hupita mbele yangu na kamba inakaza. Niliona chini ya meza kumetandikwa sweta kuukuu.

"La nini hilo?" nilimuuliza fundi.

"Miguu inapata baridi."

Ilikuwa ni joto la kukausha nguo kwa nusu saa. Siku nyingine kukawa na bakuli la maji pembeni ya sweta, akaniambia ni la kuoshea vioo. Nikaamini. Hasira zinamfanya mtu mjinga.

Nyumbani shemeji alikuwa amepata cha kunichezea.

"Saa hiyo ina ugonjwa gani, shemeji, kila siku kliniki?"

"Muulize fundi."

"Mimi namuuliza mgonjwa," alisema, na mdogo wangu akacheka mpaka akamwaga chai.

Niliwaacha wacheke. Mimi nilikuwa nahesabu siku za Kona, si mambo ya wanaume.

Jumatano ya wiki ya mwisho alikuja mwalimu mmoja mama, mwenye miwani na sauti ya upole. Alisoma fomu zote nane akiwa amesimama. Akaishika ya Kona.

"Mpole sana na mtulivu," alisoma. "Huyu ndiye. Nyumbani kwangu hakukosi watoto kumi, wangu na wa jirani. Nataka asiyekuwa na papara. Ijumaa nakuja kumchukua."

Daktari alifurahi mpaka akanishika mkono. Nami nikatabasamu, na tabasamu likanikauka mdomoni. Watoto kumi. Nilimwona Kona chini ya kitanda cha mwalimu, na mikono ishirini inamvuta atoke. Angerudishwa. Kama si siku ya tisa, siku ya kumi. Na hiyo ndiyo ingekuwa mara ya tatu, na ingekuwa kwa kalamu yangu.

Alhamisi nilisafisha vizimba vyote mara mbili, kisha nikaingia ofisini na ndoo mkononi kwa kuwa sikujua niiweke wapi.

"Daktari, fomu ya Kona niliandika uongo."

Aliinua uso. Nikamwambia yote. Nilitamani anigombeze, kwa kuwa kugombezwa nimezoea.

"Mara zote mbili?" aliuliza.

"Zote mbili. Fomu ni ileile."

"Na mimi nikagonga muhuri." Alifungua droo, akatoa fomu mpya na kalamu, akavisukuma upande wangu. "Kaa hapo, mama. Andika alivyo."

Niliandika: "Ni mwoga. Hapendi kutazamwa machoni. Habweki, hachezi, halindi. Ukimpa mgongo atakuja mwenyewe, ila kwa wakati wake. Hakoromi ila mahali anapopaamini." Mstari haukutosha, nikaandika hadi pembezoni mwa karatasi.

Ijumaa mwalimu aliisoma hiyo mpya, akavua miwani, akaifuta.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Kwangu angekufa kwa hofu, na watoto wangedhani ni wao waliomuua." Akaondoka na yule wa kizimba namba tatu, ambaye alikuwa ameshamlamba kiwiko.

Ilikuwa sawa. Nilijua ni sawa. Lakini nilipomtazama Kona, uso ukutani, niliona nimemnyang'anya nafasi yake ya mwisho kwa mikono yangu, na kati yetu na Jumatatu kulikuwa na siku mbili tu. Mwenye hasira hutafuta pa kuzimwagia, na mimi pa kuzimwagia nilikuwa napo. Nikamfunga Kona kamba. Safari hiyo yeye ndiye aliyenivuta njia nzima, ila sikuwa na macho ya kuliona hilo.

"Fundi," nilisema kabla sijavuka kizingiti, "leo naondoka na saa yetu. Nzima au vipande, nipe."

Kona alikuwa ameshafika chini ya meza. Fundi aliweka kibano chini polepole.

"Njoo kes—"

"Sitaki kesho. Kesho yako nimeijua. Iko wapi?"

Alishika tena kibano. Nikafanya jambo la kukosa adabu, nilizunguka kaunta nikaingia ndani kwake. Ukutani, nyuma ya mgongo wake, kulikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa. Nikakivuta. Ilikuwa saa yetu. Imesuguliwa, kioo kinang'aa, na mshale mwembamba unazunguka bila wasiwasi. Nilitoa simu nikalinganisha. Haikupishana hata dakika. Kati ya saa zote za mle ndani, yetu peke yake ndiyo ilikuwa inasema kweli.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu siku ile ya kwanza." Alikuwa anaiambia meza. "Ilikuwa vumbi tu. Nilipuliza wewe ukiwa umekaa hapo."

"Na springi? Na meno ya gurudumu?"

"Hayakuwa na neno."

Nilikuwa na maneno mengi tayari, mengine si ya kuandika. Lakini fundi aliendelea kusema, na kwa kuwa sikuwahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo, nikamwacha amalize.

"Ningekurudishia saa, ungekuwa na sababu gani ya kuja tena na huyu? Watu wakiingia hapa wananiuliza mbona sitazami usoni. Toka utotoni najaribu, nashindwa, macho ya watu yananichoma. Huyu aliingia akalala. Hakuniuliza kitu."

"Si ungesema unamtaka?"

"Nilikwenda mpaka getini kwenu. Jumapili. Nikasoma kibao. Kinasema familia njema zinakaribishwa." Alisugua kioo cha lenzi kwa kidole gumba. "Mimi ni mtu mmoja, dada. Nikarudi."

Kile kibao niliandika mimi. Kwa mwandiko wangu mzuri, kwa rangi nyekundu, na kazi ilipokwisha nilirudi nyuma hatua tatu nikajisifu. Fomu yangu ilimpeleka Kona kwa watu wasiomfaa, na kibao changu kikamrudisha getini mtu aliyemfaa. Wala mimi sikuwa bora kuliko kibao. Siku zote hizo nimekaa kwenye stuli ile, namwona mbwa analala juu ya kiatu cha mtu, na kichwani natafuta nyumba yenye ua mkubwa na watoto. Nilikaa chini nikalia. Sioni haya kusema. Fundi alinisaidia kwa namna yake, alinipa mgongo mpaka nikamaliza.

"Fundi," nilisema nikijifuta, "nikuambie ukweli wote. Huyu mbwa ni mwoga wa kupindukia. Hatakulindia duka."

"Naona."

"Mwizi akija, hatabweka."

"Mwizi akija," alisema fundi, "nitamwambia njoo kesho."

Nilicheka nikiwa bado na kamasi. Chini ya meza sikio moja likasimama, kisha likalala.

Jumamosi fundi alifunga duka, jambo ambalo mtaa mzima ulilizungumzia, akaja kituoni. Alitembea pembeni kabisa mwa barabara, bega linakaribia kugusa ukuta. Nilikuwa nimeshamwonya daktari, na daktari si mjinga. Alikigeuza kiti chake kikaelekea kabati la mafaili, akawa anapekua karatasi zisizotafutwa huku akiuliza maswali yake. Unakaa wapi? Nyuma ya duka. Kuna ua? Mdogo, umezungushiwa ukuta. Ukiumwa, nani atamlisha?

"Mimi," nilisema.

Kisha tukampa fomu ajaze upande wake. Kuna mstari unaouliza sababu ya kutaka mbwa. Watu hujaza hapo ulinzi, watoto, upweke, mmoja aliwahi kujaza mke wangu ameng'ang'ania. Fundi alishika kalamu muda mrefu. Aliandika neno moja, kwa herufi ndogo ndogo: "Amenizoea."

Daktari aliisoma fomu nzima mbele na nyuma, pamoja na yale ya kwangu ya pembezoni. Ndipo akagonga muhuri.

Jumatatu nilipanda kwenye stuli ya getini na kopo la rangi nyekundu, nikaongeza chini ya kibao: "Hata mtu mmoja." Herufi zilinishuka kidogo upande wa kulia. Nikaziacha hivyohivyo.

Baada ya wiki mbili huwa tunakwenda kumkagua mbwa alikohamia. Daktari aliniuliza nani aende, akauliza kwa adabu tu. Nilivaa nguo safi na nilitembea dakika kumi zangu peke yangu, roho juu. Mara mbili nimewahi kusubiri siku ya ukaguzi wa Kona, na mara zote mbili alirudishwa kabla haijafika.

Kulikuwa na mteja kwenye kaunta, kijana mmoja mwenye haraka.

"Nije lini kuichukua?" aliuliza.

"Iko tayari," alijibu fundi, akampa.

Nilisimama mlangoni, nikageuka nikalipa duka mgongo kama nilivyozoea, nikatazama barabara. Sikumwita. Nilijiambia akija nitashukuru, asipokuja nitashukuru vilevile, na hiyo ya pili ilikuwa uongo. Nikasikia kucha kwenye sakafu. Pua ya baridi ikagusa kisigino, na safari hii nilipogeuka hakukimbia. Alikuwa amenenepa. Alininusa viatu, akanusa mikono yangu kila kidole, akaegemeza kichwa gotini kwangu muda wa kutosha. Halafu akageuka, taratibu, akarudi chini ya meza yake, akajizungusha mara mbili na kulala juu ya kiatu.

Miezi saba mbwa yule alikuwa akinikimbia au akinifuata. Siku ile ndiyo mara ya kwanza aliniaga. Iliniuma, na nilifurahi, vyote kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi.

"Anakula?" nilimuuliza fundi, maana nilikuja kikazi.

"Anakula. Asubuhi anapita mwenyewe uani, anarudi. Juzi alibweka."

"Amembwekea nani?"

"Mimi. Nilichelewa kukaa mezani."

Niliandika kwenye karatasi ya ukaguzi kwamba mbwa anaendelea vizuri. Nusu ya mstari ilibaki tupu, nikaiacha tupu. Niliaga, na nilikuwa nimeshafika kizingitini, sina tena sababu yoyote duniani ya kurudi pale, fundi aliposukuma kiti nyuma. Alitoa lenzi jichoni. Aliinua kichwa, na macho yake, yaliyokuwa makubwa na ya kahawia kuliko nilivyodhani, yakanifikia usoni, yakayumba, yakakaa.

"Saa yenu inakwendaje?" aliuliza.

"Inakwenda vizuri."

"Ikisumbua, ilete."

Nilimtazama, nikaitazama ile ncha ya mkia chini ya meza.

"Itasumbua," nilisema. "Jumanne hivi."